Hundi ya Ijumaa, makato ya Jumatatu alfajiri

MuuzaSamaki_Kisumu: Wenzangu, hii ni haki? Ijumaa asubuhi niliweka hundi ya hoteli ninayoiuzia mbuta. Salio likaonekana limepanda. Jumatatu kabla hata sijafika ufuoni Dunga, benki imekata rejesho la mkopo, ikaniingiza kwenye ovadrafti (salio chini ya sifuri), kisha ikanitoza faini juu yake. Hundi ikaiva, pesa zikaingia, siku hiyohiyo mchana! Kwa nini wasingoje?

Baba Nyalenda: Pole dada. Salio unaloliona si lote la kutumia. Hundi hupita kwanza kati ya benki yako na ya aliyeiandika ili ilipwe, na Jumamosi na Jumapili si siku za kazi. Mitambo yao nayo hukata usiku wa manane. Lakini faini bishana nayo.

KaraniMstaafu: Andika barua, usipige simu. Ambatisha stakabadhi yenye muhuri wa saa, uombe nakala ya orodha ya ada uliyotia sahihi. Wakikaidi, Benki Kuu ina tawi hapo Kisumu. Na rejesho lisogezwe hadi Jumatano.

MuuzaSamaki_Kisumu: Muhuri upo, ila saa imefifia. Kesho naenda nayo hivyohivyo.