Mlango wa chumbani unaburuza chini, skrubu za bawaba zinazunguka tu hazikamati

Mchachu

Wakuu habari zenu. Naombeni msaada maana hili jambo limeanza kunitoa roho. Mlango wa chumbani ni wa mbao, tena mbao nzito kweli sio zile nyepesi ukigonga zinalia ndani patupu, una bawaba tatu na umekaa miaka kama sita bila shida yoyote. Miezi miwili iliyopita ukaanza kugusa fremu kule juu upande wa kitasa, nikapuuzia, ukaja ukaanza kuburuza sakafuni, sasa hivi ukitaka kuufunga lazima ukamate kitasa uunyanyue kidogo ndo ulimi unaingia kwenye tundu lake. Usiku ukienda chooni nyumba nzima inajua.

Jana nikasema leo naumaliza, nikachukua bisibisi. Kwenye bawaba ya juu skrubu mbili zinazunguka tu, unakaza unakaza hazifiki mwisho, ya tatu nimeivuta kwa vidole ikatoka yenyewe kama jino la mtoto, na ilitoka na unga unga wa mbao. Kwa hasira nikapigilia msumari mmoja pale, najua mtanisema. Ukakaa siku moja.

Kuna jirani kanishauri niushushe nipige randa chini na pale juu unapogusa, eti mbao imevimba. Nipige randa au kuna namna nyingine? Vifaa nilivyonavyo ni nyundo, bisibisi ya nyota, plaizi na msasa basi.

fundi_nusu

Weka randa chini mkuu. Ukiuparura huo mlango leo, siku utakapokaza bawaba ukarudi mahali pake utabaki na pengo kule juu la kupitisha mjusi na mkia wake.

mzee wa patasi

Mchachu, jirani yako hana nia mbaya ila amekosea. Mbao ikivimba huwa inabana kwa urefu, upande mzima wa kitasa, na mara nyingi inakuja na kuondoka na unyevu. Wako umegusa kona moja ya juu halafu ukaja kukwangua chini, kona ya mbali na bawaba. Hiyo ni dalili ya mlango kulala, umelala kwa sababu bawaba ya juu imeachia. Jipime mwenyewe: fungua mlango nusu, shika kitasa, unyanyue taratibu huku mtu mwingine anaangalia bawaba ya juu. Kama lile bamba la bawaba, kile kipande bapa kinachopigwa skrubu, linaachana na fremu basi shida ni matundu ya skrubu. Kama bamba limetulia ila pale kwenye mviringo inapopita pini ndo panacheza, basi pini imelika na hapo unabadilisha bawaba tu, usihangaike. Kwako kwa maelezo ya jino la mtoto mimi sina shaka ni matundu.

Sasa kazi yenyewe. Kabla hujagusa skrubu hata moja funga mlango kiasi unachoweza kufanyia kazi, ingiza kabari chini upande wa kitasa, hata vipande viwili vya mbao vilivyochongwa unavisukuma vinapishana, mpaka mlango unyanyuke ukae usawa wake, mwanya wa juu uonekane sawa kuanzia kwenye bawaba mpaka kwenye kitasa. Watu wengi wanaruka hapa halafu wanashangaa mbona wamekaza na bado unagusa. Umekaza mlango ukiwa umelala, utabaki umelala.

Toa huo msumari wako (ndio, tunakusema). Toa skrubu za bawaba ya juu peke yake, za kati na za chini ziache zikushikie mlango. Chungulia ndani ya tundu, toa unga wote, puliza. Halafu chukua njiti za kiberiti, kata vichwa, au vile vijiti vya kuchokonolea meno, vipake gundi ya mbao ile nyeupe, vishindilie tunduni mpaka kisiingie kingine, vitatu vinne vitano kutegemea tundu limekuwa kubwa kiasi gani. Gonga na nyundo kidogo vifike mwisho kabisa, kilichobaki nje kata na wembe usawa na mbao. Kisha ACHA. Acha mpaka kesho yake. Najua utataka kukaza palepale, na ukikaza palepale gundi ikiwa mbichi utavizungusha vijiti vyote na skrubu, unarudi ulikotoka.

Kesho yake toboa katikati ya ule ujazo kijitundu chembamba kuliko skrubu, kama skrubu yako ni ya unene wa milimita 4 basi toboa kama milimita 2.5 hivi. Huna drili? Msumari mwembamba na nyundo, unaugonga halafu unauchomoa na plaizi. Paka skrubu sabuni ya kipande au nta ya mshumaa, kaza kwa mkono, ukisikia imefika simama hapo.

Kipanga77

Mzee wa patasi heshima yako ila hayo ya njiti mi naona ni kujitafutia kazi. Mimi mlango ukilegea natoa skrubu naweka nyingine nene zaidi, dakika tano nimemaliza naangalia mpira. Sijawahi kurudia.

bintiseremala

Kipanga hujawahi kurudia au hujawahi kuangalia tena? 😄 Skrubu nene ina shida mbili. Kichwa chake hakizami kwenye kile kishimo cha bamba, kinabaki kimechomoza, ukifunga mlango vichwa vya upande huu vinagusana na vya upande ule na bawaba inagoma kufunga vizuri, halafu kila ukisukuma mlango unazing'oa mwenyewe. Nimekuta milango mitatu namna hiyo, mwenye nyumba analalamika kitasa kumbe ni skrubu. Pili, ukiingiza chuma kinene karibu na ukingo wa fremu mbao inapasuka, na ikipasuka hapo njiti hazikusaidii tena.

Ila kuna ukweli kwenye wazo lako: badala ya NENE weka NDEFU, unene uleule. Skrubu nyingi za bawaba ni fupi, milimita 25 au 30, zinaishia kwenye ubao wa fremu tu. Ukitoa moja ile ya katikati au iliyo karibu na ukuta ukaweka ya milimita 75, inapita fremu inaenda kukamata mbao iliyo nyuma yake. Hapo angalia kwanza nyuma ya fremu kuna nini. Kama ni ukuta wa tofali au zege skrubu ya mbao haitashika, inabidi utoboe na biti ya ukutani uweke fisha, ile plastiki, ndo skrubu ndefu iingie humo. Na usiikaze kama una ugomvi nayo maana itavuta fremu nzima irudi nyuma na mwanya hautakuwa sawa tena.

Na Mchachu kuna kitu hujakisema: una watoto? Nauliza kwa sababu. Chukulia mlango wa kilo 30, upana sentimita 80, uzito wake unakaa katikati yaani sentimita 40 kutoka kwenye bawaba. Bawaba ya juu na ya chini zikiwa na umbali wa sentimita 150, ya juu inavutwa nje kwa nguvu ya kama kilo 8 muda wote, usiku na mchana, na ya chini inasukumwa ndani kwa nguvu hiyohiyo. Ndo maana ya juu hulegea kwanza na ya chini unaikuta nzima. Sasa mtoto wa kilo 20 akining'inia kwenye kitasa, sentimita 75 kutoka kwenye bawaba, anaongeza kilo 10 nyingine palepale. Yaani mtoto mwepesi kuliko mlango anavuta skrubu kuliko mlango wenyewe.

Mchachu

Dada bintiseremala umenichekesha, wapo wawili na huwa wanapanda kwa zamu mmoja anasukuma mwingine anabembea 😂 nilikuwa nawafukuza kwa sababu ya kelele kumbe walikuwa wananing'olea skrubu. Na nyuma ya mlango kuna ndoano tumetundika makoti na mabegi, hiyo nayo inahesabika?

bintiseremala

Inahesabika sana, ni mzigo wa kudumu huo. Hamishia ukutani.

fundi_nusu

Kuongezea tu, cheki na bawaba ya chini. Kuna wakati umeshakaza kila kitu na kona ya juu bado inagusa kidogo tu, unene wa karatasi. Usikimbilie randa hata hapo. Legeza skrubu za bawaba ya chini upande wa fremu, chomeka kipande cha kadibodi nyuma ya bamba kaza tena. Unasukuma mlango huku chini kuelekea upande wa kitasa, na ile kona ya juu inarudi nyuma na kupanda. Kwa macho ni kinyume kabisa, utadhani ungeweka juu, ukiweka juu unazidisha tatizo. Anza na kipande kimoja chembamba.

Salma wa ghorofani

Samahani naingilia mada. Mimi milango yangu miwili ni ya chuma, bawaba ni zile za bomba zimechomelewa, na mmoja umeshuka unakwangua chini. Hakuna skrubu ya kukaza hapo, natakiwa nimwite mchomeleaji?

mzee wa patasi

Salma mama, angalia kwanza ni aina gani. Kama bawaba ni vipande viwili, cha chini kina pini na cha juu kimevaa juu yake, basi mlango unanyanyuka ukatoka mzima. Kinacholika pale ni mahali chuma kinakaa juu ya chuma. Tafuteni watu wawili, unyanyueni, futa kile kiungo, paka grisi, vika kwenye pini washa moja (kile kijiduara cha chuma chenye tundu katikati) ya milimita 2 inayoingia bila kubana, rudisheni. Mlango mzima umepanda milimita 2. Weka kwenye bawaba zote sawasawa, ukiweka moja tu uzito wote unaning'inia kwenye hiyo. Na uangalie nafasi iliyopo juu kabla hujaweka, usije ukatoa shida chini ukaipeleka juu. Kama weldi yenyewe imepasuka, utaona mstari wa kutu kwenye kiungo, hapo ndo mwite mchomeleaji na usiendelee kuutumia, mlango wa chuma ukimwangukia mtu ni habari nyingine.

Kipanga77

Haya nimetoka kuangalia ule mlango wangu. Kweli vichwa vinagusana. Nimenyamaza.

bintiseremala

😂😂 karibu darasani

Mchachu

Narudi na mrejesho wakuu. Nimefanya kama mlivyosema, imenichukua siku mbili kwa sababu ya gundi. Kwenye kabari nilikuwa nimekosea mara ya kwanza, niliiweka karibu na bawaba mlango haukunyanyuka kitu, nikasogeza mpaka chini ya kitasa nikaona kabisa kwa macho ile kona ya juu ya kitasa inaachana na fremu kama mtu anapumua. Tundu moja lilikula njiti saba! Nilivyotoa unga nikakuta ndani mbao imekuwa nyeusi nyeusi kwa kutu ya skrubu ya zamani, nikakwangua na ncha ya kisu mpaka nikafikia mbao nzuri. Skrubu za zamani sikuzirudisha, kichwa cha moja kilikuwa kimeshalika bisibisi inateleza, nimeweka mpya urefu uleule na moja ndefu katikati, nyuma ya fremu kulikuwa na mbao bahati nzuri.

Mlango sasa unafungwa kwa kidole kimoja. Kweli kidole kimoja, nimewaita watoto waone halafu nikajuta maana wakaanza kuufunga na kuufungua kwa kidole kimoja nusu saa nzima.

Kitu kimoja tu kimebaki, unalia. Zamani haukuwa unalia, au labda sikusikia kwa sababu ya kuburuza. Nimetia mafuta ya kula kidogo umenyamaza asubuhi, jioni umeanza tena.

mzee wa patasi

Mafuta ya kula yanaganda na kukamata vumbi, baada ya muda yanakuwa kama ulimbo. Yafute. Toa pini za bawaba moja moja, mlango ukiwa umefungwa na kabari ipo chini, unagonga msumari kutoka chini pini inapanda juu. Ukikuta vumbi jeusi limegandia ni chuma kinachosagika, ndicho kinacholia. Futa pini na kitambaa, isugue na msasa laini mpaka ing'ae, futa na ndani ya mviringo, paka grisi kidogo sana, rudisha, moja ikishakaa ndo unaenda ya pili. Grisi ikichuruzika fremuni umezidisha. Anza na ya juu, naweka dau ndiyo inayolia.

Mchachu

Ilikuwa ya kati 😄 ila nimezipaka zote tatu. Kimya.