Bunduki nyepesi ya kuwindia inatawanya risasi: kosa ni langu au la mtutu?

Mhehe wa Colorado:
Ndugu wanajukwaa, salamu. Ninaishi Colorado mwaka wa sita sasa, na kwa ajili ya msimu wa kuwinda elki, yule kulungu mkubwa wa milimani, nimenunua bunduki nyepesi ya risasi aina ya .308 Winchester ambayo pamoja na darubini yake inafika kilo 3 tu. Nilichoka kupanda milima ya mita 3,000 nikiwa na kilo 4.5 begani. Tatizo ni kwamba nikilenga mezani, umbali wa mita 100, risasi tatu hukaa ndani ya sentimita 3, kisha tatu zinazofuata hutawanyika hadi sentimita 9, nyingine juu, nyingine pembeni. Bunduki yangu nzito, kwa meza hiyohiyo, mifuko ileile ya mchanga na risasi zilezile, haikuwahi kunifanyia hivyo. Je, nimeuziwa mtutu mbovu?

Fundi wa Rungwa:
Mkuu, kabla hujairudisha dukani, hebu tueleze: unapofyatua, mkono wako wa kushoto huwa wapi?

Mhehe wa Colorado:
Huwa nyuma, nikiubana mfuko mdogo wa mchanga ulio chini ya kitako. Mbele bunduki hukaa yenyewe juu ya mfuko mkubwa. Ndivyo nilivyozoea.

Fundi wa Rungwa:
Basi nadhani ugonjwa umeonekana. Risasi ya .308 hukaa ndani ya mtutu kwa zaidi kidogo ya elfu moja ya sekunde, na katika muda huo bunduki huwa tayari imeanza kurudi nyuma. Hiyo yako ya kilo 3 husogea karibu milimita 2 kabla risasi haijatoka mdomoni. Nguvu ya teke, yaani ule msukumo wa bunduki begani, nayo huongezeka kwa nusu nzima ukishuka kutoka kilo 4.5 hadi kilo 3. Bunduki nzito hukusamehe usipoishika mbele, kwa sababu uzito wake wenyewe unaituliza, lakini nyepesi ikiachwa huru hurukia popote, na kila mara hurukia kwingine. Mimi nilibeba .375 za wageni kwa misimu kadhaa, bunduki za risasi kubwa zenye takriban kilo 4, na hata hizo tuliwasihi wazishike kwa mkono.

Weka kiganja cha kushoto juu ya mfuko, bunduki ikae juu ya kiganja, kisha uishike mbele na kuivuta begani kwa nguvu ya wastani, ileile kwa kila risasi. Mtutu wenyewe usiguse mfuko hata kidogo.

Bibi Shabaha:
Ninakubaliana na Fundi, ila tusiusahau mtutu. Mitutu ya bunduki hizi ni myembamba na hupata joto upesi. Namna ya kutofautisha ni hii: joto, kwa kawaida, huzisogeza risasi hatua kwa hatua kuelekea upande mmoja, ilhali mshiko mbaya huzitupa ovyo. Maelezo yako, kaka, yanaelekea kwenye mshiko. Hata hivyo piga tatu, fungua chemba, na usubiri hadi uweze kuushika mtutu bila kuhisi moto. Elki hatakungojea upige risasi ya tano, kwa hiyo ile ya kwanza, mtutu ukiwa baridi, ndiyo ya kuandika daftarini kila unapokwenda uwanjani.

Angalia pia kifyatulio. Kikihitaji kuvutwa kwa kilo 2 ilhali bunduki nzima ina kilo 3, kidole peke yake kinatosha kuisogeza. Mpelekee fundi mwenye leseni akilegeze kwa kiasi salama, na nyumbani ufyatue bila risasi, baada ya kukagua chemba mara mbili, ukitazama kama alama ya darubini inatikisika.

Mhehe wa Colorado:
Ninarudi na majibu. Jumamosi nilifuata mshiko wa Fundi na subira ya Bibi Shabaha, na makundi manne ya risasi tatu yalikaa kati ya sentimita 2.5 na 4. Kisha nikamwomba rafiki anipakilie risasi, akichanganya na ganda tupu bila kuniambia. Lilipofika ganda tupu, mdomo wa bunduki ulichota chini kama jembe, naye akacheka hadi akaketi. Kumbe nilikuwa nikiliogopa teke muda wote, na mezani mifuko ilikuwa ikinifichia kosa hilo.

Fundi wa Rungwa:
Hapo sasa acha .308 wiki mbili, chukua .22, bunduki ya risasi ndogo isiyo na teke la kuogopwa, upige ukiwa umeketi chini, mkanda umezungushwa mkononi na viwiko vikiwa mbele kidogo ya magoti. Meza umemalizana nayo, mlimani hutaikuta.