Mlioshtaki mkiwa ndani kwa kunyimwa matibabu, bila wakili: tupeane uzoefu

Wakuu, salamu.

Juzi mama mmoja aliuliza kama mwanawe anaweza kushtaki akiwa bado anatumikia kifungo. Majibu yalikuwa matani tu. Waliopitia njia hii waweke hapa. Rufaa za kesi tumezizoea. Mimi naulizia hizi nyingine: uliumwa, hukutibiwa, ukaandika mwenyewe.

Naanza mimi. Gereza silitaji, ila ni huku Kenya. Ngiri ilinianza mwaka wa pili, kwa kubeba magunia ya mahindi. Zahanati, panadol. Nikirudi, panadol. Baadaye tabibu akaniandikia nipelekwe hospitali kupasuliwa, lakini gari "halikupatikana" miezi saba.

Tulikuwa na mzee wa kifungo cha maisha tuliyemwita Wakili, ingawa aliishia darasa la nane. Ndiye aliyenionyesha Kifungu cha 22 cha Katiba ya 2010: ombi la haki za msingi hufunguliwa bila ada, na kanuni za 2013 zinaruhusu mahakama ipokee hata barua. Nikajaza fulskepu nne. Mzee akasoma, akachana tatu. "Hizi ni hasira. Jaji ataamuru nini juu ya hasira?" Iliyobaki ilikuwa na tarehe niliyoumia, kila siku niliyokwenda zahanati, nilichopewa, na tarehe ya ile barua ya hospitali. Chini yake Kifungu cha 43 cha afya, cha 51 cha haki za waliofungwa, kisha ombi moja: nipelekwe hospitali.

Tulisikilizwa kwa video. Umekaa mbele ya skrini, afande amesimama mgongoni kwako, na wewe ndiye unatakiwa kueleza walichokukosea maafande. Sauti ilinikauka. Bahati jaji hakutegemea maneno yangu. Aliagiza daftari la zahanati liletwe. Jina langu lilikuwamo mara 11. Mwezi uleule nikapasuliwa. Fidia sikupata hata shilingi, maana sikuiomba, na hapo najilaumu hadi leo.

Mdau wa Nakuru
Wewe ulibahatika, ndugu. Mimi sikio lilitoa usaha mwaka mzima, sasa upande wa kushoto sisikii. Nikasema nitashtaki nikitoka, nikiwa na utulivu. Nilipofika masjala nikaambiwa madai ya uzembe dhidi ya serikali yana miezi 12 tangu kosa litendeke. Nilidhani saa inaanza kuhesabu ukivuka lango. Wapi!

Dada wa Dodoma
Huku kwetu Tanzania, ukitaka kuidai Serikali fidia mahakamani unatanguliza notisi ya siku 90. Kaka yangu ana presha, dawa zimekatika, asubiri siku tisini? Aliandika notisi kwa mkono, nami nikaipeleka nakala kila ofisi inayohusika na kudai igongwe muhuri wa kupokelewa mbele yangu. Kesi hatukuifungua. Wiki ya tatu dawa zilianza kutoka. Ule muhuri wanauogopa kuliko kelele.

Askari magereza mstaafu
Mnatusema sana, lakini gari lilikuwa moja, likienda mahakamani hospitali hakuna. Na mgonjwa mmoja akilazwa, askari wa kumlinda wanapungua zamu zote. Hata hivyo ukweli niuseme: amri ya jaji ikifika, mafuta yalikuwa yanapatikana siku hiyohiyo.

Mleta mada
Mzee, umejimaliza mwenyewe hapo 😂

Mdau aliyefungwa Marekani
Nilikaa jela miaka sita katika jimbo la kusini. Kesi za madai huko hupewi wakili wa bure kama haki. Tangu sheria ya 1996, lazima kwanza umalize ngazi zote za malalamiko ndani ya gereza, na muda wake ni wa siku chache. Ukikosa ngazi moja, kesi hutupwa. Ada hawakusamehi: wanaikata kidogokidogo kwenye akaunti yako ya gerezani. Kesi tatu zikitupwa kwa kukosa msingi, ya nne unalipa ada yote mara moja, labda uwe hatarini kuumia vibaya.

Maktabani kila mtu anamjua J. W. Gamble, mfungwa wa Texas. Novemba 1973 robota la pamba la ratili 600, karibu kilo 270, lilimwangukia akipakua lori. Mgongo ukamwuma, akakataa kazi, akaadhibiwa kwa kufungiwa peke yake. Akaandika mashtaka kwa mkono. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani ikasema: kupuuza kwa makusudi ugonjwa mkubwa wa mfungwa ni adhabu ya kikatili, Katiba inaikataza. Wafungwa wa huko wanaoshtaki leo kwa kunyimwa matibabu wanasimamia maneno hayo. Gamble mwenyewe? Alishindwa. Alikuwa ameonwa na wahudumu wa afya mara 17, na kutopigwa eksirei wakaliita kosa la kitabibu tu. Kwa hiyo, mleta mada, mara 11 zako zilikuokoa. Za mwenzako zilimzamisha.

Mleta mada
Hilo limeniacha mdomo wazi. Tofauti ni ile barua ya tabibu, basi: mimi waliniandikia tiba wakaikalia. Mama wa juzi, kama unasoma, ukienda kumwona mwanao muulize kama aliwahi kuandikiwa kwenda hospitali, na tarehe. Mengine tutakusaidia kupanga hapahapa.