Naomba ushauri: Mzee Ruksa tulimlilia, mlinzi wetu kazikwa na wachache

Shikamooni wakubwa, wenzangu habari zenu.

Mimi ni katibu wa kikundi cha kufa na kuzikana mtaani kwetu, Temeke. Rais mstaafu Ali Hassan Mwinyi, Mzee Ruksa, alipofariki tarehe 29 Februari 2024, wanachama kadhaa walifunga biashara, wengine wakavuka bahari hadi Mangapwani, Zanzibar, kumzika. Machozi yale yalikuwa ya kweli. Mama yangu alianza kuuza mitumba enzi zake, baada ya miaka ya maduka matupu, na mpaka leo anasema mzee yule ndiye aliyemfungulia riziki. Tulimlilia pia kwa upole wake, kiongozi aliyestaafu akabaki mtu wa watu.

Majuzi amefariki mlinzi wa usiku wa mtaa wetu, mpole vilevile, tuliyemwachia mageti yetu miaka yote. Hakuwa mwanachama. Turubai moja, viti vitupu, jeneza likabebwa na vijana wa bodaboda.

Nimeligusia kikaoni. Wengine wamesema katiba inahusu wanachama tu, wengine wameona nawasuta. Mweka hazina amekubali rambirambi kidogo kwa mjane, basi.

Naomba kujua: katiba za vikundi vyenu zinasemaje kuhusu msiba wa jirani asiye mwanachama, na fedha hutoka mfuko gani? Na nilirudisheje suala hili kikaoni bila kuwavunjia heshima waliomlilia Mzee kwa dhati?