Kwa nini ndege za maji zilishindwa Rufiji
Kikundi: Historia ya Delta na Mafia

Mwanahamisi: Shikamooni wakubwa. Kwa nini Waingereza walihangaika miezi yote ile kuipata Königsberg, ile manowari ya Wajerumani iliyojificha delta ya Rufiji wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na ndege walikuwa nazo? Zilikuwa mbovu?

Fundi Saidi: Marahaba mwanangu. Mbovu hazikuwa, zilishindwa na joto letu. Ndege za maji mbili aina ya Sopwith zilifika kisiwa cha Nyororo, karibu na Mafia, Februari 1915, injini Gnome ya nguvu za farasi 100, ile ambayo silinda zenyewe zinazunguka pamoja na pangaboi. Hewa ya joto ni nyepesi, bawa halibebi vizuri na injini inavuta hewa pungufu. Weka na maboya ya kutulia majini, weka na mabomu. Hainyanyuki.

Babu Kilindoni: Na gundi Saidi! Pangaboi la siku zile ni mbao zilizounganishwa tabaka kwa tabaka. Unyevu ukiingia gundi inalegea, mbao zinapinda.

Fundi Saidi: Kweli kabisa babu.

Mwalimu Rehema: Kabla ya Sopwith hizo alikuwepo rubani Cutler, Novemba 1914, na boti ya kuruka ya Curtiss kutoka Durban. Rejeta ikaharibika, ikatafutwa nyingine Mombasa, ikapatikana ya gari la Ford. Ikafungwa, akaruka, akaiona meli. Desemba injini ikamzimikia akatekwa.

Mwanahamisi: Hiyo Gnome ilitiwa oili gani?

Fundi Saidi: Mafuta ya mbarika. Petroli inapita ndani ya injini, oili ya kawaida ingeoshwa yote. Mbarika haichanganyiki na petroli. Ila hairudi kwenye tangi, inatapikwa nje, kwa hiyo kila safari unajaza upya.

Mwanahamisi: Sasa mwishowe walifanyaje?

Mwalimu Rehema: Waliacha maji. Uwanja ukafyekwa Mafia, Juni zikaja ndege aina ya Caudron na Henri Farman za magurudumu. Bila maboya zinapanda juu. Kazi yao ni kuangalia makombora yanaangukia wapi na kutuma masahihisho kwa simu ya upepo kwa Severn na Mersey, manowari za Waingereza ambazo tumbo lake linazama majini chini ya mita 2 tu, kwa hiyo zinaweza kuingia mtoni.

Babu Kilindoni: Tarehe 6 Julai Severn na Mersey zilipiga zote mbili kwa pamoja. Rubani anaona kombora limeanguka, la nani? Masahihisho yakavurugika. Tarehe 11 ikapiga moja moja, hapo ndipo Königsberg ikaisha. Mimi naona utaratibu huo ulisaidia kuliko ukubwa wa mizinga.

Mwalimu Rehema: Na rubani Cull na mwenzake Arnold, mtazamaji wa ndege, siku hiyo injini yao ilipigwa, wakawa wanashuka bila nguvu huku Arnold bado anatuma masahihisho. Wakaangukia mtoni, wote wakapona.

Mwanahamisi: Mizinga ya meli ilizama nayo?

Babu Kilindoni: Hapana mjukuu wangu. Yote 10, ya milimita 105, Wajerumani waliitoa, ikatengenezwa Dar es Salaam, ikapigana nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa.