Kupanda Turtlehead Peak bila kamba: je, mazoea ya majabali ya Masasi yanatosha?

Mkwezi wa Mtandi
Wapendwa, nimekulia Mtandi, Masasi, na tangu utotoni nimekwea majabali yetu kwa mikono na miguu, bila kamba. Mwezi Agosti nitamtembelea kaka yangu Las Vegas, Marekani, naye amependekeza tupande Turtlehead Peak, katika hifadhi ya Red Rock Canyon iliyoko jangwani, magharibi mwa jiji hilo. Nimesoma kwamba kilele kina mita 1,927, na kwamba kwenda na kurudi ni takriban kilomita 8. Je, kuna jambo ninalopaswa kulijua kabla ya kukubali?

Mwalimu wa Jiografia, Lindi
Ndugu yangu, miguu unayo. Kinachonitia wasiwasi ni mwezi uliouchagua. Agosti joto la huko hupita nyuzi 40, na hewa ni kavu kiasi kwamba jasho hukauka kabla mtu hajalihisi, hivyo huishiwa maji mwilini akidhani bado ana nguvu.

Jambo la pili ni mawe. Jabali la Masasi ni gumu, na ukilishika limeshikika. Turtlehead ni mawe ya kijivu ya chokaa ambayo, kwa msukumo wa ardhi, yalipandishwa juu ya mawe mekundu ya mchanga yenye umri mdogo zaidi. (Natamani wanafunzi wangu wangeliona hilo kwa macho, kwa kuwa kwa kawaida tabaka la kale hulala chini.) Katika genge (yaani korongo jembamba lenye mteremko mkali) linaloelekea kwenye mgongo wa mlima, mawe mengi yamelegea, kwa hiyo lijaribu kila jiwe kabla ya kuliegemea, wala asikae mtu chini ya mwenzake.

Dada wa Mikindani
Shikamoo Mwalimu. Nilipanda kilele hicho mwezi Novemba nilipokuwa masomoni, na shida yangu haikuwa kupanda. Wakati wa kushuka tuliingia katika genge lililofanana kabisa na lile tulilopandia, nalo likaishia kwenye ukingo wa mwamba usioshukika, ikatubidi kurudi juu tukiwa tumechoka na jua linakaribia kuzama. Tangu siku hiyo, kila ninapopanda hugeuka mara kwa mara na kutazama nyuma, ili njia ya kurudi niijue kwa sura yake halisi.

Mkipenda pia kukwea yale mawe mekundu yaliyo chini, msiyaguse baada ya mvua hata kama juu yamekauka, kwa sababu jiwe la mchanga lililolowa hupoteza uimara na kipande ulichokishika huweza kumeguka. Julai hadi Septemba ndio msimu wa ngurumo za alasiri, na makorongo hujaa maji ghafla.

Mkwezi wa Mtandi
Mwalimu, Dada, nashukuru sana. Nimezungumza na kaka, nasi tumeihamishia safari Novemba. Ameniarifu kwamba kuanzia Oktoba hadi Mei gari huhitaji nafasi iliyowekwa mapema kuingia barabara ya hifadhi. Je, tukianza kupanda saa mbili asubuhi tutakuwa na muda wa kutosha?

Dada wa Mikindani
Mtakuwa nao, ila jua huzama mapema, yapata saa kumi na nusu. Ikifika saa sita mchana hamjafika kileleni, geukeni, na kila mmoja awe na tochi na lita tatu za maji.