UZI: Yule muuza redio wa Kariakoo (mnamjua) kanichomoa eafoni masikioni mbele ya duka zima!

Mama Kibwagizo:

Wakuu, nimeshuka kwenye daladala sasa hivi, hata mkoba sijauweka chini, naandika mikono inatetemeka kwa hasira. Jina silitaji. Hakuna haja. Kila aliyewahi kununua hata waya wa chaji Kariakoo anamjua: yule wa duka la kona, kiti cha plastiki kimeota mizizi chini yake, kikombe cha kahawa hakijaisha tangu enzi za Mzee Ruksa, na kila kitu dukani kwake ni "orijino mama yangu, orijino kabisa". Huyo huyo.

Leo mchana kweupe mtu yule kanyoosha mkono juu ya kaunta, kanichomoa eafoni masikioni, wimbo uko katikati ya kibwagizo, akasema kwa sauti ya mpiga debe: "Mama, hiki ni kiredio, siyo mchumba. Unakipekua nini?"

Duka zima likacheka. Wateja wakacheka. Kijana wa kahawa akacheka. Nina hakika hata waliokuwa kwenye foleni ya mwendokasi pale Gerezani walicheka.

Siyo mchumba! Mimi!

Sasa niwaambie nilikuwa napekua nini. Natafuta MP3 ya kusikilizia njiani, Tabata mpaka Posta asubuhi, Posta mpaka Tabata jioni, foleni yake mnaijua. Na kabla hamjaniuliza kwa nini nisitumie simu: simu ina kazi zake. Udi wa taarabu unaanza, mara ujumbe wa mkopo, mara bosi, mara "umebakiwa na MB kadhaa". Na kutoa simu dirishani kila unapotaka kubadili wimbo ni kumkabidhi kibaka mkononi. Nataka kitu kidogo, kina vitufe ninavyovijua kwa kidole bila kukitoa kwenye mkoba, kinapiga muziki basi.

Mwezi uliopita mdogo wangu alinunua kwa mtu huyo huyo. Kimeandikwa GB 64. Akajaza nyimbo. Majina yote yakaingia, yakajipanga vizuri kwenye kioo. Ukibonyeza, za mwanzo zinaimba, zilizobaki zinarukwa moja baada ya nyingine bila hata mlio. Kuja kupima kwenye kompyuta, kilichomo ndani ni GB 8! Wanaichezea chipu ili itangaze 64, kompyuta inaamini, inaendelea kumwaga mafaili mahali ambapo hapapo. Ndiyo maana safari hii nilikwenda na memori kadi yangu, eafoni zangu za waya, na nyimbo ninazozijua mpaka pumzi za mwimbaji. Nikamwomba kwa adabu kabisa: "Kaka, naomba nijaribu kwanza." Akajibu, "Jaribu mama yangu." Kajibu yeye mwenyewe! Halafu anakuja kunichomoa!

Na nilikuwa nimeshaanza kukijua kile kimashine. Sauti ukiiweka 0 ni kimya, ukiipandisha 1 tayari inapiga kelele. Katikati hakuna kitu. Anayesikiliza usiku na mwenzake kalala afanyeje? Nikaweka taarabu ya zamani ya Unguja, ile udi unaanza peke yake kabla fidla hazijaingia. Nyuma ya udi nikasikia shiiii, kama vitumbua vinakaangwa chumba cha pili. Na siyo rekodi, maana faili lile lile kwenye simu halina shiiii. Ni kimashine.

Kingine. Hizi nyimbo zetu nyingine zinafika dakika 15. Nikakizima katikati, nikakiwasha: kimerudi wimbo wa kwanza kabisa kwenye kadi. Hakikumbuki ulipoishia! Yaani kila ukishuka kituoni ujue jioni unaanza upya, miaka yako yote utakuwa unasikiliza wimbo wa kwanza tu. Nikashikilia kitufe nipeleke mbele, kinasogea sekunde moja moja. Orodha nayo haifuati jina wala msanii, inafuata jinsi mafaili yalivyoingia kwenye kadi. Na ile rekodi ya jukwaani iliyokatwa vipande? Watu wanapiga makofi, makofi yanakatika, kimya, halafu makofi yanaendelea. Nani anapiga makofi hivyo?

Nilikuwa nimebakiza kuangalia kama vitufe vinafungika, visijibonyeze mkobani, na Bluetooth. Ndipo mkono ukaja. Katikati ya kibwagizo! Hata angesubiri mwimbaji amalize neno. "Siyo mchumba."

Elfu hamsini na tano yangu ilikuwa iko juu ya kioo cha kaunta. Nimeiweka mwenyewe, aione. Nikaichukua. Wakati natoka akaongeza, "Kasikilize redio ya jirani." Kibao kile cha "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" kinaning'inia juu ya kichwa chake. Kwa hiyo kabla ya kununua usijaribu, na ukishanunua usirudishe. Tujaribu lini sasa? Tukifa?

Semeni kitu, maana mimi nimeshindwa hata kula.

chuma_chakavu:

Pole sana mama. Swali moja tu la kiuchunguzi: alikuwa mchumba au hakuwa mchumba?

Kijana wa Tandale:

😂😂😂 Nipo kwenye daladala, nimecheka mpaka konda kaniuliza kama nimelipa.

Bi Hidaya wa Ng'ambo:

Cheki mnavyocheka na nyie. Huyo baba namjua sana, mwaka jana kaniuzia spika, nikamuuliza ina dhamana ya muda gani akasema "dhamana ni Mungu". Dada yangu, umetoka na pesa yako, umshukuru huyo Mungu wake.

Mzee wa Kaseti:

Vijana cheke-cheke, huyu mama ana hoja kuliko nyote. Walkman ya Sony imetoka 1979. Kaseti ukiisimamisha katikati ya beti, ukaitoa, ukaiweka kabatini, mwakani ukairudisha, inaanzia pale pale. Haikuwa na chipu, haikuwa na kioo, ilikumbuka. Sasa mnaniambia mashine ya leo inashindwa kukumbuka kutoka Tabata mpaka Buguruni?

DogoLaini:

Mzee, lakini kaseti ilikuwa inatafunwa, mnakaa na kalamu ya Bic mnazungusha. Msitudanganye.

Mleta uzi, kwani bado kuna watu wananunua MP3? Apple wenyewe walitangaza kuachana na iPod Mei 2022. Tumia simu, weka "usisumbue", maisha yaendelee.

Mama Kibwagizo:

DogoLaini, umesoma au umepita tu? Nimesema kuhusu simu pale juu. Na hata ningekuwa natafuta gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, mtu hachomolewi kitu masikioni! Mkono wake ulinigusa hereni! Ungekuwa mama yako ungeniambia niweke "usisumbue"?

DogoLaini:

Mama yangu anatumia simu.

fundi_mawimbi:

Mama, tuache utani, majaribio yako yote ni sahihi, hata mimi ningeanzia hapo. Hiyo shiiii inatoka kwenye kikuza sauti cha ndani, vimashine vya bei chee havijali. Eafoni ndogo za kuingiza sikioni ni nyepesi kuendeshwa, kwa hiyo zinaitoa yote. Ukivaa hedifoni kubwa zenye omu nyingi (yaani ukinzani mkubwa wa umeme) itapungua, ila hiyo ni kuficha, ugonjwa bado upo.

Mpangilio wa nyimbo: kuna programu za kupanga upya kadi ya FAT32 (mfumo wa kuhifadhi mafaili) ili majina yafuatane. Uwezo wa kadi: kwenye Windows pima kwa programu ya H2testw, Mac na Linux kuna F3. Inaijaza yote, halafu inasoma ilichoandika. Kama ni feki itakuumbua hapo hapo. Tatizo GB 64 inachukua muda mrefu, huyo jamaa asingekusubiri.

Ukitumia Bluetooth kwenye vile vya elfu 50 usitegemee makubwa, mara nyingi vinatumia SBC basi, ile njia ya kawaida kabisa ya kubana sauti. Na redio yake ya FM bila eafoni za waya haishiki kitu, maana waya ndiyo antena. Wengi wanarudisha wakidhani ni mbovu.

chuma_chakavu:

Wanarudisha wapi, na kibao kinaning'inia?

Mkoloni wa Muziki:

Mimi niko na iPod Classic ya GB 160. Waliacha kuitengeneza 2014. Nimeifungua, diski nimetoa, nimeweka kadi, betri mpya. Inapiga FLAC (faili lisilopoteza ubora) nikishabadili kuwa ALAC (la namna hiyo hiyo, la Apple), haikatishi makofi, inakumbuka kila kitu. Anayesikiliza MP3 ya kbps 128 (kilobiti kwa sekunde) mwaka huu anasikiliza kivuli cha wimbo. CD ni kbps 1,411, fanyeni hesabu.

Kijana wa Tandale:

Mkuu unaiuza?

Mkoloni wa Muziki:

Siiuzi.

Kijana wa Tandale:

Laki mbili.

Mkoloni wa Muziki:

Nimesema siiuzi. Ila njoo inbox.

Mzee wa Kaseti:

Rekodi za taarabu na dansi zilizopo mitaani nyingi zimetoka kwenye kaseti iliyotoka kwenye kaseti nyingine. FLAC ya nini hapo? Unahifadhi vumbi kwa ubora wa juu.

Mkoloni wa Muziki:

Vumbi la mwalimu wako. Kuna watu tuna nakala za santuri.

Mwana wa Luthuli:

Hapa Nairobi pia ni hivyo tu. Ukiingia maduka ya elektroniki ya barabara ya Luthuli ukisema unataka kujaribu, unawekewa ule wimbo mmoja uko ndani ya mashine tayari, besi imewekwa juu mpaka kioo kinatetemeka, unaambiwa "si unasikia vile inagonga?" Kuweka memori kadi yako mwenyewe hawataki kabisa. Huyo mama alifika mbali sana, apewe heshima yake.

Mama Kibwagizo:

Asante sana kaka wa Nairobi. Heshima ndiyo ninayoidai. Yule mtu anauza vitu vya kusikilizia halafu anachukia watu wakisikiliza! Kama anajua mali yake ni nzima, kwa nini ananichomoa? Angeniacha mpaka wimbo uishe, ningekuta nini kingine?

Bi Hidaya wa Ng'ambo:

Kapeleke malalamiko Tume ya Ushindani, hao ndio wanaoshughulika na bidhaa bandia. Mdogo wako ana risiti?

Mama Kibwagizo:

Aliandikiwa kwenye karatasi ya boksi la sigara.

binti_kimara:

Mimi nisamehewe, lakini angalau huyu mama anataka eafoni. Mnaonaje tuzungumzie wale wasiotaka kabisa? Jana mwendokasi kutoka Kimara, tumebanana mpaka mtu unapumua pumzi ya mwenzako, kijana kaweka simu kifuani, anaangalia mpira kwa sauti ya mwisho. Kushoto mahubiri. Kulia Bongo Fleva. Hakuna anayezima.

Kijana wa Tandale:

Afadhali mpira. Wa kwangu anacheza gemu, pyu pyu pyu, kutoka Ubungo mpaka Kivukoni.

DogoLaini:

Na wale wa voisi za WhatsApp? Anaweka simu mdomoni kama anakula muwa, anasikiliza kwa spika, halafu akimaliza anaturudishia mwanzo eti hakusikia vizuri.

binti_kimara:

Usiniambie kuhusu voisi. Kuna dada alikuwa anasikiliza voisi za shemeji yake, zile ndefu za dakika 6, zinafuatana. Mume kahama nyumba, kaacha nguo, kachukua tivii. Basi zima kimya. Hata dereva nadhani alipunguza mwendo. Mimi nilikuwa nashuka Magomeni Mapipa, nikapitiliza nijue mwisho wake.

chuma_chakavu:

Kaacha nguo kachukua tivii? Huyo harudi.

Bi Hidaya wa Ng'ambo:

Anarudi. Mwanamume akiacha nguo anarudi. Tivii kaenda kuiuza tu.

Mama Kibwagizo:

Jamani, poleni na mwendokasi, lakini uzi huu ni wa yule mtu wa Kariakoo. Kanichomoa eafoni. Katikati ya kibwagizo. Kuna anayejua duka lingine mtu anaruhusiwa kujaribu kwa kadi yake?

Mwana wa Luthuli:

Mama ngoja kidogo. Binti, huyo bwana tivii aliipeleka wapi?

fundi_mawimbi:

Ilikuwa ya inchi ngapi?

binti_kimara:

Ya inchi 43. Kapeleka kwa mwanamke mwingine huko Mbezi. Mwenye tivii yake kamfuata mpaka kule, kagonga mlango, na aliyefungua ni mama mkwe.

Mzee wa Kaseti:

Mama mkwe wa nani?

Kijana wa Tandale:

WA NANI???

binti_kimara:

Ndiyo ilikuwa inaanza voisi ya kueleza hilo, simu ikazima chaji. Tumefika Kisutu. Nikashuka, nikalipa nauli nyingine kurudi Magomeni.

chuma_chakavu:

Mtu anapanda na simu ya asilimia tatu, anawafungulia watu mambo mazito kiasi hicho, halafu inazima? Hao ndio wa kuanzishiwa uzi. Naanzisha sasa hivi, hamieni kule.